Kupima macho na masikio ya mtoto wa paka

Ndugu, umeuliza utajuaje kama mtoto wa paka uliyemchukua, mweupe mwenye macho ya buluu, anaona na kusikia, kwa kuwa hageuki ukimwita. Kutogeuka peke yake si ushahidi, maana paka mgeni huwa na woga na jina lenyewe bado halijui. Kwa macho, dondosha kipande cha pamba mbele yake, kwani pamba haina kishindo, na akiifuata kwa kichwa basi anaona. Usimpungie mkono usoni. Upepo wake hugusa sharubu, naye atapepesa hata akiwa kipofu.

Masikio ndiyo yanayonitia shaka zaidi, kwa sababu paka weupe wenye macho ya buluu huzaliwa viziwi mara nyingi kuliko wengine. Subiri asinzie, simama nyuma yake bila kutikisa sakafu, halafu chakarisha gazeti huku ukitazama ncha za masikio, si kichwa. Kiziwi wa sikio moja huitikia, ila hukosea upande sauti inakotoka. Akiwa hajatimiza wiki 4, rudia baadaye. Asipoitikia hata hapo, mpeleke kwa daktari wa mifugo, na asitoke nje peke yake.