Puerto Rico hawajabadilika rangi, fomu ndo imebadilika
Hawajabadilika rangi bana. Umeuliza inakuwaje sensa ya 2010 Puerto Rico, kile kisiwa kilicho chini ya Marekani, karibu asilimia 76 wajiite weupe alafu 2020 wabaki 17 tu, sababu kubwa ni fomu yenyewe, 2020 waliweka sehemu ya kuandika asili yako, sasa umetiki mweupe ukaandika na kitu kingine pale wanakuhesabu mchanganyiko. Ila sio fomu peke yake, siku hizi kuna watu kibao hawaoni noma kusema wana damu ya Kiafrika. Na kule unakuta ndugu wa tumbo moja huyu mweupe pee huyu wanamuita trigueño, yaani maji ya kunde hivi, sasa huyo atiki wapi? Ulatino wenyewe, yaani kuwa na asili ya nchi za Amerika zinazoongea Kihispania, kwenye fomu hizo lilikuwa swali tofauti, haukuhesabiwa kama rangi.