Nestini ikiwaka ndo seli ya neva tayari?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Ngamiani hapa Tanga, nasoma mambo ya maabara. Darasani tulionyeshwa picha za kiinitete cha panya, kuna sehemu zinang'aa kijani, tukaambiwa hiyo nestini na kwamba penye nestini pana seli changa ya neva. Mwenzangu anasema hata kwenye misuli ipo, tumebishana kutoka sokoni mpaka Raskazone. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzako yuko sahihi. Nestini imejulikana kwa jina hilo tangu 1990, ni protini ya kiunzi cha seli, na kweli seli shina za ubongo unaokua zimejaa nayo, ila seli changa za misuli nazo wanazo, kwa iyo ikiwaka peke yake msikimbilie kuandika "neva" kwenye ripoti. Sox2, protini nyingine inayotumika kama alama, ni vilevile, ipo tangu seli za kiinitete hazijagawana kazi. Ni kama sare tu, shati jeupe halikwambii mtoto anasoma shule gani.

Kinachosaidia ni kuangalia alama kadhaa, yaani protini zinazoonyesha seli ni ya aina gani, kwa pamoja na ipi imetangulia. Kwa panya mdogo wa maabara, ambaye mimba yake yote ni siku kama 20, alama ya Sox1 inawahi kutokea karibu na siku ya 8, hapo tabaka la nje la kiinitete limeshaanza kuwa la neva, afu ndo alama ya Pax6 inafuata. Kwa binadamu inageuka, Pax6 inatangulia Sox1, na jambo hili linanisisimua kila nikilifundisha manake wengi wanachukua ratiba ya panya na kuibandika kwetu nzima nzima!

Seli ikishaacha kugawanyika, nestini na Sox2 zinapungua, zinaingia dablikotini na tubulini ya beta aina ya tatu, alama za neva changa, na NeuN, alama ya neva iliyokomaa, inakuja baadaye. Dablikotini ndo inayosaidia neva changa kusafiri mpaka mahali pake, jeni yake iko kwenye kromosomu X, ikiharibika mtoto wa kiume anaweza kuzaliwa na ubongo usio na mikunjo ya kawaida na kifafa kikali, kwa iyo hizi alama sio rangi za kupamba picha jamani.

Mkirudi maabara ombeni nestini na Sox1 kwenye kipande kimoja, rangi mbili tofauti. Hazitafunikana, Sox1 inakaa kwenye kiini na nestini inakaa nje yake. Na kipande kingine msikiwekee kabisa kingamwili ya kwanza, ile inayoishika nestini, kikiwaka nacho basi huo mng'ao sio wa nestini.