Nanga nzito peke yake haitoshi, angalia na kamba yako

Wadau wa ziwani habari zenu. Leo naongea na wewe unayelaza mtumbwi au boti yako hapa Mwanza kwenye Ziwa Victoria, iwe Igombe, Kayenze, Luchelele au kule visiwani, maana kuna kosa nililifanya mimi na bado naliona kila nikipita mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa.

Nilikuwa naamini nanga ni uzito basi. Nikachukua ndoo ya rangi ya lita 20 nikajaza zege, juu nikachomeka nondo iliyokunjwa, ikafika karibu kilo 48, nikasema hapa hata ije dhoruba gani mtumbwi hautoki. Kamba nikaweka mita 6 wakati maji pale ni mita 3. Usiku mmoja mwezi wa nne ukaja upepo na mvua, asubuhi nakuta mtumbwi uko juu ya mawe, mbao mbili za ubavuni zimepasuka na ile ndoo imeburuzwa nao mpaka pale. Namshukuru Mungu injini niliivua jioni nikailaza nyumbani.

Mzee mmoja wa dagaa ndo akanielewesha. Kwanza zege likizama linapungua uzito, zile kilo 48 majini zinabaki kama 28 tu. Pili, na hili ndo kubwa, kamba ikiwa fupi wimbi likinyanyua mtumbwi linanyanyua na nanga, ila kamba ikiwa ndefu inavuta kwa kulala chini na nanga inazidi kujichimbia. Hesabu yake rahisi: kina cha maji jumlisha kimo kutoka majini hadi pale unapofunga kamba, halafu zidisha mara 5 siku za kawaida, mara 7 kipindi cha upepo. Kwa kina cha mita 3 na nusu mita ya juu unapata mita 17 na nusu, mpaka 24 na nusu. Ndio, najua mwaloni tunabanana na mtumbwi wenye kamba ndefu utazunguka ugonge wa jirani, sasa hapo weka nanga upande wa ziwani na kamba ya pili itoke nyuma iende nchi kavu kwenye mti au jiwe kubwa, hauzunguki.

Kamba yenyewe usinunue kwa kuangalia rangi. Omba kipande kidogo ukitupe kwenye ndoo ya maji, kikielea hiyo ni plastiki, kikizama inaweza kuwa nailoni. Nailoni inavutika kidogo mawimbi yakipiga kwahiyo haishtui nanga wala mbao, ile ya plastiki haivutiki hivyo, inaelea juu panga boi za injini za wenzako zinaikata, na jua linaila haraka. Ukiipitisha mkononi ikiacha unga au vinyuzi achana nayo, katumie kuanikia nguo. Na pale inaposuguana na mbao vesha kipande cha mpira wa kumwagilia, mimi kamba mpya ilishakatika hapo hapo ndani ya wiki mbili.

Nanga inategemea chini kuna nini. Tope na mchanga vinataka nanga ya majembe, na ukiongeza mnyororo hata mita 2 kati ya nanga na kamba utaona tofauti kubwa. Kwenye mawe, na Mwanza mawe tunayo, tumia ya makucha ya nondo, ila funga kamba nyingine nyembamba kwenye kitako chake na dumu tupu juu, ikinasa unaivuta kinyumenyume inatoka. Nimeona mtu anapiga mbizi kutafuta nanga iliyonasa, usifike huko.

La mwisho magugu maji. Upepo ukileta lile zulia lote likaegemea kamba yako hakuna nanga ndogo itakayohimili, kwahiyo ukiliona linakuja mapema funga dumu kwenye ncha ya kamba, iachie hapo hapo, hamisha mtumbwi, kesho yakipita unarudi kuokota dumu lako.