Kiharusi cha kushoto ndo kinaleta sonona?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu alipata kiharusi mwanzoni mwa mwaka, kapooza mkono na mguu wa kulia na maneno yanatoka kwa shida. Picha ya CT ilionesha ubongo umeumia kushoto, sehemu ya mbele. Sasa hivi mazoezi hataki, sahani anaisukuma, hata Yanga ikicheza anageukia ukutani. Kaka kasoma mtandaoni kwamba kiharusi cha kushoto ndo kinaleta sonona. Ni kweli? Au ubongo ushaharibika basi tena?
Mama Neema, Morogoro

JIBU: Marahaba mama Neema, pole na kuuguza. Kaka hajakosea sana ila hiyo habari ni ya zamani kidogo. Mwaka 1984 Robert Robinson na wenzake kule Baltimore, Marekani, walisema ukiumia kushoto, na kadiri panapoumia panavyosogea mbele, sonona inakuwa kali zaidi. Madaktari wengi wakaishikilia hiyo, mpaka mwaka 2000 jarida la Lancet likatoa uchambuzi wa tafiti kibao kwa pamoja na huo ubaya wa kushoto haukuonekana. Tena waliopoteza usemi, ambao wengi ni wa kushoto, mara nyingi walikuwa wanaachwa nje ya tafiti maana hawawezi kujibu maswali, yani watu kama mzee wako ndo hata hawakuhesabiwa!

Mwaka 2019 watafiti wa Boston wakaja na jambo ambalo mi naona lina mantiki zaidi: wenye sonona waliumia sehemu tofauti tofauti, ila sehemu hizo zinawasiliana na eneo moja la mbele kushoto. Ni kama umeme, kwako giza kumbe nguzo imeanguka mtaa wa tatu.

Kwa hiyo picha ya CT peke yake haikupi jibu. Karibu mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi hupata sonona, awe kaumia kulia au kushoto, na hatari inapanda zaidi kiharusi kikiwa kikali, mtu akishindwa kujihudumia, au kama alishawahi kuwa na sonona huko nyuma.

Ila angalia kitu kimoja, ubongo wa mbele ukiumia mtu anaweza kupoteza msukumo tu, amekaa hivyo hivyo wala hana huzuni, na hiyo matibabu yake ni mengine. Muulize mzee maswali ya ndiyo na hapana, ajibu kwa kichwa au akubane kidole: una huzuni? usiku unalala? umekata tamaa? Anza na swali ambalo jibu lake unalijua ili uone kama anakuelewa, alafu majibu yapeleke kliniki.

Sonona inatibika hata ubongo ukiwa umeumia. Dawa zipo, zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, lakini msinunue wenyewe duka la dawa: kwenye jaribio kubwa la Uingereza la 2018, fluoksetini ilipunguza sonona kwa waliopata kiharusi ila waliovunjika mifupa wakaongezeka. Na akionesha kwa namna yoyote kwamba anataka kufa, msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.