Mafuta Yapakwe Wapi Kwenye Baiskeli ya Mizigo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hubeba mikungu ya ndizi kwa baiskeli kutoka kijijini hadi sokoni Tukuyu. Msimu wa mvua baiskeli huwa nzito kwenye kupanda, na kwenye mteremko breki hazikamati. Nimeshauriwa nipake mafuta ya kula kila sehemu inayozunguka. Je, ushauri huo unafaa?
Msomaji, Rungwe

JIBU: Ndugu msomaji, usiufuate ushauri huo kama ulivyo, kwa kuwa rimu nayo huzunguka, na mafuta yakiifikia, raba za breki zitateleza hata ukibana kwa nguvu zako zote. Msuguano hupunguzwa pale chuma kinaposagana na chuma, yaani kwenye mnyororo, kwenye pedeli na ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ambamo gololi hubiringika ili vyuma visiburuzane. Gololi zipakwe grisi, na mnyororo upakwe oili nyepesi baada ya kusafishwa, kwa sababu tope likichanganyika na oili hula meno ya gia kama msasa. Mafuta ya kula hulainisha kwa muda mfupi tu, kisha hunata na kukusanya vumbi.

Kuhusu breki, nakuomba uzingatie sana jambo hili. Wengi hudhani kwamba mzigo mzito huifanya baiskeli ishike barabara na hivyo isimame upesi. Ni kweli kwamba uzito huongeza msuguano kati ya tairi na ardhi, lakini msuguano wa raba na rimu hutegemea nguvu ya vidole vyako, nao hauongezeki hata ukiongeza mikungu mitano. Kinachoongezeka ni nguvu inayokuvuta kwenda bondeni. Rimu ikilowa, hatari huzidi, hivyo gusa breki mapema, kabla ya mteremko, ili raba zifute maji. Madereva wa malori katika Mlima Kitonga, mkoani Iringa, hutakiwa kuteremka kwa gia ndogo ili injini isaidie kulizuia gari, kwa sababu breki zikipata moto sana hupoteza uwezo. Wewe huna injini ya kukuzuia, kwa hiyo kwenye mteremko mkali shuka, uiongoze baiskeli kwa miguu.

Matairi yenye vipara yabadilishwe. Ukipunguza upepo kidogo, tairi hutanuka na kushika tope vizuri zaidi, ingawa kwenye lami utachoka kukanyaga; usiupunguze mno, maana kwa mzigo huo rimu itabana tyubu kwenye mawe na kuitoboa.