Mnyanya Hujilinda Wenyewe, Nasi Tuupe Nafasi

Mkulima anayesubiri madoa yaonekane ndipo atafute dawa ya ukungu huwa amechelewa, kwa kuwa mapambano huwa yameanza ndani ya jani siku kadhaa kabla. Baada ya misimu mingi ya kulima nyanya mkoani Iringa, ushauri wangu wa kwanza si jina la dawa, bali ni kufahamu mmea hufanya nini unapovamiwa.

Kimelea cha baka jani wahi, ugonjwa wa ukungu unaotia majani madoa, kiitwacho Alternaria, kinapoota juu ya jani lenye unyevu, mnyanya hutambua vipande vya kitini, ambayo ni sehemu ya ukuta wa seli za ukungu. Ndani ya dakika chache kalsiamu huingia kwa wingi katika seli na haidrojeni peroksaidi, kemikali kali, huzalishwa pale palipoguswa. Baadaye hutengenezwa vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemia) vinavyokata kitini, na kuta za seli huimarishwa kwa kalosi na lignini, vitu vya kuziba na kukaza ukuta. Aidha, majani na matunda mabichi yana akiba ya tomatini, sumu inayoharibu utando wa seli za ukungu. Kimelea cha mnyauko fusari kina kimeng'enya cha kuivunja sumu hiyo, na kwa ugonjwa huo mimi hutegemea mbegu yenye ukinzani.

Linalostahili kuzingatiwa zaidi ni kwamba mmea haumjibu kila adui kwa namna moja. Dhidi ya vimelea vinavyoishi kwa seli hai, kama vile vya ubwiri unga, mmea unaweza kuziua seli zake chache zilizovamiwa ili mvamizi akose chakula, na asidi ya salisili, homoni ya mmea, ndiyo huongoza kazi hiyo. Alternaria, kinyume chake, huziua seli kwa sumu yake kisha hujilisha kwa mabaki. Kumwachia seli zilizokufa ni kumkaribisha, na hapo homoni nyingine, asidi ya jasmoni na ethilini, huwa na nafasi kubwa.

Baka jani chelewa, kwa kweli, halisababishwi na ukungu halisi: kuta za kimelea chake ni za selulosi na glukani hasa, hivyo vimeng'enya vya kukata kitini havifui dafu. Katika majira ya baridi na mvua, ugonjwa huu ndio ninaoukinga kwa dawa mapema.

Ulinzi wote huo hugharimu nguvu na chakula. Baka jani wahi huanza kwenye majani ya chini yaliyozeeka, hasa mmea ukibeba matunda mengi huku ukiwa na njaa ya naitrojeni. Kwa hiyo msiache kuweka mbolea ya kukuzia matunda yanapoanza kutunga, ingawa mbolea ikizidi majani husongamana na kukaa na unyevu. Pogoeni majani yanayogusa udongo, wekeni matandazo, na mwagilieni shinani asubuhi.