Shangazi Anajibu: Je, Mungu huikataa sadaka ya anayenung'unika?

*Shangazi mpendwa, huu ni mwaka wa tatu ninamuuguza mama mkwe wangu aliyepooza. Niliacha kuuza samaki sokoni hapa Kasese. Shemeji yangu aliye Kampala hatumi hata hela ya dawa, lakini jina lake husomwa kanisani kila mchango wa ujenzi unapotangazwa. Mhubiri ametuambia kwamba Mashahidi wa Namugongo, wale Wakristo wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani yao, hawakunung'unika, na kwamba sadaka ya manung'uniko hukataliwa. Mimi hunung'unika. Je, Mungu ananipenda? – Mkwe, Kasese.*

Mwanangu, naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa mengine yote yanalitegemea. Imani ya Kikristo haifundishi kwamba mwanadamu hutoa sadaka ili Mungu apate kumpenda. Inafundisha kwamba Mungu alitangulia kupenda, akamtoa Mwanawe tulipokuwa tungali wenye dhambi, kama Paulo anavyowaandikia Warumi katika sura ya 5. Kwa hiyo uchungu unaokushika usiku wa manane, unapobadilisha shuka kwa mara ya pili na maji ya kufulia yamekwisha, haupunguzi pendo hilo, kwa sababu halikuletwa na kazi yako.

Kuhusu kunung'unika, mhubiri wenu amepita Gethsemane mbio mbio. Yesu mwenyewe, usiku wa kuamkia kusulubiwa, aliomba kikombe kile kimwondokee kabla hajasema kwamba mapenzi ya Baba yatimizwe. Anayemwambia Mungu kwamba mzigo umemlemea, na asubuhi bado akamkorogea mgonjwa uji, hajakataa kutoa. Charles Lwanga na wenzake, waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, walikufa kwa sababu hawakukubali kumwacha Kristo ambaye walikwisha kumjua. Hawakuingia motoni kununua upendo wake, na (niseme wazi) si haki kuutumia moto ule kumnyamazisha mwanamke aliyechoka.

Habari ya shemeji yako ndiyo iliyonikera zaidi. Katika Marko sura ya 7, Yesu anawakemea watu waliotangaza kuwa mali ambayo ingewasaidia wazazi wao imewekwa wakfu kwa Mungu, wakajiona wamemaliza wajibu. Huyo anayenunua mabati ya kanisa ilhali mama yake hana dawa anaingia katika kundi hilo hilo.

Tena, sadaka hutolewa na mwenyewe. Hatwishwi mtu na wenziwe waliokaa pembeni. Mumeo, ambaye barua yako haimtaji hata mara moja, ndiye wa kumpigia ndugu yake simu, wakubaliane kiasi cha kila mwezi kitakachotosha dawa na msaidizi wa siku chache kwa wiki, ili wewe urudi sokoni. Shemeji akikaidi, wazee wa ukoo wamwite, na kiongozi wa kanisa anayepokea michango yake awepo asikilize.